Hitima ya Aliye Hai: Viatu vya Getini

Sehemu ya kumi na nne

Msomaji wa Babati uliyeniandikia kwamba nimemtesa binti wa watu vya kutosha, ujumbe wako umefika. Lakini mimi simtesi Mwajabu. Waliomtesa unawajua, na leo mmoja wao anaingia uani kwa miguu yake mwenyewe, kajitanda mtandio wa bei, na anakaribishwa kiti. Hasira zako ziweke akiba, zitapata kazi.

Tulimwacha Mwajabu mlangoni kwa wazazi wake, kijijini, nyuma ya vilima vya Kondoa. Kwapani alikuwa na ungo mpya, zawadi ya mama. Nyuma yake alisimama Loisi, yule mama wa Mvumi mwenye kibanda cha nafaka pale Majengo, Dodoma, ambaye miaka kadhaa nyuma alimkuta amejificha kati ya magunia ya mtama na akakataa kumfukuza. Binti alikuwa ameondoka hapa na mapengo ya meno ya utoto. Amerudi mwanamke mzima. Na ndani ya ua sauti ya mama yake, ile ile, ikaita, "Mwajabu!"

Mwajabu akafungua kinywa aitikie.

"Abee, mama," akaitikia mtu mwingine.

Mtoto wa kike akatoka jikoni mbio. Miaka saba hivi, amepakwa mafuta miguu inang'aa, nywele zimesukwa upya, gauni la sikukuu mwilini. Alipowaona wageni akapunguza mwendo, akawaamkia shikamoo kama alivyofundishwa. Mwajabu aliutazama uso ule akaona wake mwenyewe, mapengo na yote.

Hapa sitaki mtu anipigie simu kusema gazeti limekosea jina. Halijakosea. Katika ukoo huu mtoto wa kike akifariki, atakayezaliwa baada yake hupewa jina lake, ili mama asikose wa kumwita. Mwajabu alilijua hilo tangu utotoni, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. Jina lake lilikuwa na mwenyewe mpya. Maana yake yeye alishaliliwa, akasomewa hitima, watu wakala wakaenda makwao.

Huyu mtoto tumwite Mdogo, tusije tukachanganyana.

Bi Rukia alitoka nyuma ya mtoto, upawa mkononi. Alipomwona mgeni akasimama. Alimtazama usoni, kisha akamtazama miguuni, kama anavyotazamwa mtu anayeshukiwa si wa dunia hii. Akamvuta Mdogo nyuma ya kanga yake.

"Shikamoo, mama," Mwajabu akasema.

Bi Rukia hakuitikia. Aliuliza kitu kwa Kirangi, taratibu, halafu akarudia. Mwajabu aliisikia lugha ile kama mtu anavyosikia redio ya nyumba ya jirani: sauti anaijua, maneno hayamfikii. Akatafuta kichwani, akatafuta, hakukuta kitu.

"Mimi ni Mwajabu, mama. Mwanao."

"Mwanangu alikuwa hajui Kiswahili," Bi Rukia akasema. "Wewe hujui kingine."

Neno hilo lilimwuma Mwajabu mahali ambapo hata mwiko wa mama Erica haukuwahi kufika. Kwa wewe unayeanza kusoma leo, mama Erica ni yule mwanamke wa Dodoma mjini aliyeletewa mtoto wa miaka saba kwa ahadi ya shule. Akamlaza stoo pamoja na mkaa. Akamfanyisha kazi kuanzia alfajiri mpaka wenye nyumba walale, bila mshahara, bila daftari, bila kuvuka geti. Neno la Kirangi likimponyoka mtoto, mwiko ulimtua mdomoni, kwa kuwa mama Erica alidhani anatukanwa. Mtoto akajifunza kunyamaza, kisha akajifunza Kiswahili, na siku moja akajikuta hana tena ile lugha aliyobembelezewa akiwa mgongoni kwa mama yake. Hakujua kwamba atakuja kudaiwa lugha hiyo mlangoni kwao.

Mtu mmoja tu hakushtuka uani pale. Mzee Hamidu, baba wa nyumba, alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya ukuta akichonga mpini wa jembe. Kisu kilisimama kidogo, kikaendelea.

"Mpeni maji," akasema bila kuinua macho. "Na mimi nipeni."

Mdogo akaleta maji kwa kikombe cha bati, kwanza kwa wageni, kisha kwa baba yake. Mwajabu alichuchumaa ukutani kunywa, maana mpaka leo hakai kwenye kiti cha mtu kabla hajaambiwa. Mzee alikishika kikombe kwa mikono yote miwili, akanywa mpaka mwisho, akakifudikiza chini kando ya kigoda. Kitu kikamgonga Mwajabu kichwani alipoona hivyo, lakini kikapita, kwa kuwa Loisi alikuwa ameshaanza kusema.

Na Loisi akianza kusema, ujue kazi ipo. Alieleza yote, tangu stoo ya mkaa mpaka magunia ya Majengo, kwa sauti ile ile anayogombania nayo bei na madereva wa malori. Alieleza jinsi binti alivyoanza kupepeta nafaka kibandani kwake, jinsi alivyopanga chumba, jinsi anavyokwenda jioni kujifunza kusoma na watu wazima wenzake na sasa anaandika jina lake bila kuangalizia. Alimaliza kwa kusema kwamba ametoka Dodoma hajanywa hata chai, na hakuja kumuuzia mtu binti.

Bi Rukia alisikiliza yote, na uso wake haukufunguka hata kidogo. Mwanawe, alisema, alifariki Dodoma kwa homa. Wifi yake Asma, dada wa mume wake, ndiye aliyempeleka mjini kusoma, na ndiye aliyemuuguza mpaka roho ilipotoka. Asma alileta habari mwenyewe, akaleta na ile kanga ndogo mtoto aliyoondoka nayo. Hitima ilisomwa ua huu huu, mbuzi akachinjwa, na Bi Rukia akalala kitandani mwezi mzima hajui jua limechomoza au limezama.

"Mimi nilikuwa huku, siwezi hata kumwosha," akasema. "Wifi ndiye aliyemwosha mwanangu. Ndiye aliyemtia sanda. Mtu wa hivyo akiniomba kitu nitamnyimaje?"

"Amekuomba nini?" Loisi akauliza.

Mdogo ndiye aliyejibu, akichungulia kutoka nyuma ya kanga. "Mimi. Naenda kusoma Dodoma. Shangazi anakuja kunichukua sasa hivi, tunapanda basi la saa nne. Na huko nina jina la mjini. Nitaitwa Neema."

Mwajabu akashika ukuta.

Neema ndilo jina aliloitwa yeye miaka yote ile. Kabla yake kulikuwa na Neema mwingine, ambaye nguo zake ndizo alizorithi. Mama Erica hakuwa mtu wa kujisumbua na majina mapya. Wasichana walibadilika, jina lilibaki pale pale pamoja na ndoo. Kila aliyemwuliza alimjibu hivyo hivyo, Neema: muuza mkaa, fundi bomba, mzee mmoja wa kanzu aliyeomba maji getini. Tangu atoroke, Mwajabu alijua nafasi ile haitakaa wazi, na amewahi kuamka akilia kwa kumwonea huruma mtoto asiyemjua. Sasa mtoto mwenyewe alikuwa mbele yake, ameshika mfuko wa sandarusi wenye nguo zake mbili, na alikuwa na furaha kuliko wote.

Loisi alimtupia Mwajabu jicho la nilikwambia. Tangu Dodoma alishauri waanzie polisi, kwenye dawati la jinsia, waje huku na askari. Mwajabu alikataa. Alisema mama kwanza, hataki mama yake amwone baada ya miaka yote hiyo akiwa na askari pembeni. Ni nani kati yetu angemlaumu? Sasa Loisi alitoa simu, akainyanyua juu, akazunguka nayo ua mzima, na mtandao haukusoma.

"Mama, usimpe," Mwajabu akasema. "Nakuomba. Nyumba anayopelekwa naijua."

Bi Rukia alimjibu kwa sauti ya chini, na ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. "Sikujui. Umekuja kwangu asubuhi yote hii, umesimama mlangoni unajiita kwa jina la marehemu wangu, na sasa unataka kunipangia mtoto. Ondoka."

Basi Mwajabu akafanya alichokuwa akifanya kila alipogombezwa ndani ya nyumba ya mtu. Akatafuta kazi.

Loisi anaijua tabia hii mpaka imemchosha moyo. Alimnunulia godoro, na bado asubuhi anamkuta sakafuni. Yeye akikohoa tu kwa hasira, Mwajabu ameshainama anasugua sufuria safi. Akila, anangoja wote wamalize, halafu anakwangua ukoko. Miaka haijamtoa huko, na wala maneno hayajamtoa.

Kwenye mkeka kando ya jiko kulikuwa na ulezi ambao Bi Rukia aliuacha nusu alipotoka kuwaona wageni. Mwajabu akaweka chini ule ungo mpya wa zawadi. Akachukua wa zamani, akachuchumaa, akaanza kupepeta, kichwa chini, machozi yakimdondokea mikononi.

Sasa nisikilize vizuri. Pale Majengo wapepetaji wenzake humcheka sana Mwajabu. Anatumia mkono wa kulia kwa kila kitu, kula, kuandika, kufagia. Lakini akishika ungo anageuka wa mashoto. Anarushia kushoto, anaugonga ungo kwenye goti, na pumba zinakwenda upande usiotarajiwa, zinawajaa wenzake kichwani. Walishamhamishia mwisho wa mstari ili wapumue. Walimwuliza nani kamfundisha upepetaji wa namna ile, akawa hajui. Alijikuta anajua, basi, na kwa kujua huko ndiko anakopata chakula mpaka leo.

Bi Rukia ni wa mashoto tangu kuzaliwa kwake.

Ulezi ukaruka, ukatua, ungo ukagonga goti. Bi Rukia, aliyekuwa ameanza kumfukuza Loisi naye, alinyamaza katikati ya neno. Akasogea. Akachuchumaa mbele ya mgeni, akaitazama mikono, akalitazama goti, akaitazama tena mikono. Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto akashika ukingo wa ungo. Kwa muda wakapepeta wote wawili ungo mmoja, kama walivyokuwa wakifanya zamani binti akiwa hawezi kuubeba peke yake.

"Nani alikufundisha kugonga goti?" Bi Rukia akauliza.

"Sijui, mama. Nimejikuta najua."

Ungo ukaanguka, ulezi ukamwagika mchangani, na Bi Rukia hakuuangalia. Alimshika mwanawe mabega, akamshika masikio, akampapasa nyuma ya shingo akitafuta alama anayoijua mwenyewe, akaikuta. Alilia bila sauti, kwa kuwa sauti ya msiba huu alishaimaliza zamani. Na katikati ya kulia alikuwa akirudia swali moja tu.

"Sasa mimi nilimlilia nani? Mwanangu, mimi nilimlilia nani?"

Mwajabu akamshikilia mama yake kwa nguvu. Kule stoo alikuwa ameiota siku hii mara nyingi, na katika ndoto zake mama yake alikuwa akicheka. Haikuwa hivyo. Ilikuwa chungu, ilikuwa na harufu ya moshi na mafuta ya nazi ya mama, na alikuwa hataki iishe.

Iliisha. Bajaji ilisimama nje, injini ikaachwa inanguruma.

"Hodi wenyewe," sauti ikasema.

Shangazi Asma aliingia akitabasamu, mtandio wa buluu begani, boksi mkononi. Mdogo alimpokea mbio, akakumbatia miguu yake, na hata kabla salamu hazijaisha boksi lilikuwa limefunguliwa. Ndani mlikuwa na viatu vya plastiki vya rangi ya waridi, vyenye ua juu. Mtoto akavua kandambili zake, akazipanga ukutani, akavivaa vile vipya na kuanza kutembea navyo huku na huku akijitazama.

Ndipo Asma alipoona nani amekaa chini na wifi yake. Uso wake ulibadilika mara moja tu, halafu ukarudi mahali pake.

"Wifi, kumbe una wageni," akasema.

Bi Rukia akasimama, kanga imejaa ulezi. "Asma, huyu ni nani?"

Asma alikaa kwenye kiti alichozoea kupewa. Akasema yeye atajuaje. Akasema mjini wamejaa watu wa namna hii, wanasikia nyumba ilifiwa zamani, wanakuja na machozi yao kutafuta pa kulala. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemhurumia mgonjwa, na alipomaliza akamwambia Mdogo achukue mfuko wake, wasije wakaachwa na basi.

"Uliniletea kanga yake," Bi Rukia akasema. "Ulinieleza ulivyomwosha. Ulinieleza mpaka maji yalivyokuwa ya uvuguvugu."

Loisi alikuwa ameshakwenda kusimama langoni, mikono kiunoni, na kwa mwili aliojaaliwa mama yule hapakubaki nafasi ya kupita hata kuku. Akasema mtoto hatoki ua huu mpaka polisi waje, na kama kuna mwenye haraka aanze kumsogeza yeye.

Mwajabu alimwendea Mdogo akapiga magoti. "Vua hivyo viatu, mdogo wangu. Huendi."

Hapo ndipo mtoto alipoangua kilio. Safari hii ameingoja tangu mavuno. Amewaaga wenzake wote, amesukwa, amepewa jina la mjini, na sasa mwanamke asiyemjua ametokea tu na kumliza mama yake na kumkataza shule. Alimsukuma Mwajabu kifuani kwa mikono miwili, akakimbilia kwenye magoti ya Asma. Mwajabu hakumkasirikia. Siku yake ya kuondoka, yeye mwenyewe aliimba njia nzima.

"Shangazi," akasema, bado amepiga magoti. "Nilikuwa nakuona ukija pale. Unakaa sebuleni, nakuletea soda kwenye sinia. Ulikuwa unaniita Neema na wewe."

Asma alimpapasa Mdogo kichwani. Alipoinua uso, upole ulikuwa umekwisha.

"Haya," akasema. "Mnataka niwe shetani peke yangu. Kaka Hamidu, umekaa kimya sana leo. Waambie basi nani aliniagiza niilete ile kanga."

Kisu kikasimama juu ya mpini. Safari hii hakikuendelea.

"Baba Mwajabu," Bi Rukia akasema.

Mzee Hamidu alianza kujibu kwa Kirangi. Akasita. Akainua macho akamtazama binti yake kwa mara ya kwanza tangu aingie, na akaanza upya kwa Kiswahili ili naye asikie.

Alisema mwaka ule mvua ilikuwa imekataa. Bi Rukia alikuwa ameacha kula, kila jioni yuko barabarani anangoja habari za mwanawe, na Asma kila akija alikuwa na maneno mapya. Basi yeye mzee akaaga kwamba anakwenda Babati kuuza alizeti, akapanda basi la Dodoma. Akambana dada yake mpaka akampeleka kwenye nyumba yenyewe. Njiani Asma akamwonya: ukipiga kelele, kitu cha kwanza polisi watauliza ni nani aliyemtoa mtoto. Akamwacha kwenye kona ya mtaa. Mzee akaenda peke yake mpaka getini, na binti mmoja akatoka.

"Nikakuomba maji," akasema. "Ukaniletea. Nikakuuliza unaitwa nani, ukaniambia Neema. Ukaniita babu."

Mwajabu alikiona kikombe kilichofudikizwa kando ya kigoda. Akamwona na mzee wa kanzu, miaka ile, ameshika kikombe kwa mikono miwili, anakifudikiza kwenye ngazi ya geti la mama Erica kama hakuna mtu mjini anavyofanya. Mzee yule alikuwa akitokwa na machozi. Mtoto alidhani anaumwa, akataka kumwuliza, akaitwa ndani.

"Kwa nini hukunichukua?" akauliza.

"Niliogopa." Mzee Hamidu alikuwa akitazama mikono yake. "Na ulikuwa umevaa viatu. Hapa kwetu mwaka ule tulikuwa tunakula leo, kesho tunalala hivyo hivyo. Nikakuona umevaa viatu vizuri, Kiswahili kimenyooka, nikajisemea huyu angalau anakula. Sasa nikirudi nimwambie nini mama yako? Nikisema nimekuona, atakwenda. Nikisema sikukuona, atangoja mpaka afe. Nikaona bora alie, amalize. Nikamwambia Asma alete kanga."

Bi Rukia alikwenda chini. Hakupiga kelele, miguu tu ilimwacha, na Loisi akatoka langoni mbio kumdaka kabla kichwa hakijafika kwenye mawe ya jiko.

Mwajabu hakuondoka alipokuwa. Nisikufiche, msomaji: katika yote yaliyompata, hili ndilo lililomvunja. Kwa miaka ile yote, usiku, juu ya magunia ya mkaa, alikuwa na kitu kimoja cha kujiliwaza. Alijiambia kwao hawajui alipo, na wangejua wangekuja. Hicho ndicho kilichokuwa kikimpa usingizi. Sasa aliambiwa kwamba mtu alikuja, akanywa maji yake, akaenda zake.

"Vile viatu vilikuwa vya getini, baba," akasema. Alisema polepole, kama anamweleza mtoto. "Majirani wasiseme. Nikiitwa getini navaa, nikirudi navua naviacha mlangoni. Vilikuwa vya yule Neema aliyenitangulia. Vilikuwa vinanibana."

Mzee Hamidu akafunika uso kwa mikono yake yenye vumbi la mti.

Viatu. Mwajabu akageuka. Alitaka kumvua Mdogo vile vya waridi kwa mikono yake mwenyewe, alie asilie, amchukie asimchukie, halafu avitupe jalalani.

Kiti cha Asma kilikuwa kitupu. Ukutani zilibaki kandambili kuukuu za mtoto, zimepangwa pamoja vizuri, pua zikitazama nje. Mfuko wa sandarusi haukuwapo. Lango lilikuwa wazi, na ule mngurumo wa injini, ambao walikuwa wameuzoea hata hawausikii tena, ulikuwa umeshashuka mbali kuelekea barabara ya Kondoa, liliko basi la saa nne.

Mwajabu alitoka mbio peku, kanga ikimdondoka njiani, akiteremka kwenye vumbi la bajaji na kuliita kwa sauti yake yote jina lake mwenyewe. Kule chini hakuna aliyeitikia.